Gundi Nyuma ya Kauri

Mimi ni fundi wa vitu vidogo. Redio, rimoti, king'ora cha pikipiki, mizani ya betri ya kupimia nyama, chochote chenye waya ndani na kinachotoshea mezani pangu. Kibanda changu kiko Nakuru mjini, upande ule wa barabara unaopigwa na vumbi tangu Januari hadi mvua zije. Kwa miaka mingi nimejivunia jambo moja tu: kazi yangu hairudi. Mafundi wengine hapa wanapenda mteja arudi, wanasema hiyo ndiyo biashara. Mimi mteja akirudi na kitu kilekile, naona kama amenitukana mbele za watu.

Siri yangu ilikuwa gundi. Ile ya mirija miwili, unachanganya nusu kwa nusu juu ya kigae, unapaka, na kufika kesho imekuwa jiwe. Barabara zetu mnazijua. Kitu kikitoka hapa kwenda Kuresoi au Subukia nyuma ya pikipiki kinatikiswa mpaka skrubu zinajifungua zenyewe, na mteja hatailaumu barabara, atamlaumu fundi. Kwa hiyo sisi wa huku tuna desturi yetu. Ukimaliza kutengeneza, unajaza gundi. Kila pengo unaliona kama mahali kitu kitakapoachia. Mteja mwenyewe anasimama hapo akikuhimiza, "Jaza fundi, jaza kabisa," na haondoki mpaka aone umejaza.

Januari hiyo alinijia daktari wa mifugo, mzee aliyestaafu kazi ya serikali na ambaye sasa huzunguka na pikapu yake akiwahudumia wafugaji wa Subukia na Kabazi. Alikuwa na kifaa cha kusikilizia mimba ya mbuzi. Ni kisanduku cha ukubwa wa redio ndogo, na spika za kuvaa masikioni, na kebo inayoishia kwenye kichwa cha plastiki kinene kama kidole gumba. Unampaka mbuzi mafuta pale pasipo na manyoya karibu na kiwele, unaweka kile kichwa, unasikiliza. Ng'ombe daktari anamwingiza mkono akampapasa, lakini mbuzi ni mdogo, utamwingiza nini? Bila kifaa unabaki kukisia tumbo. Sasa kile kichwa kilikuwa kimeanguka kutoka kwenye pikapu kikapasuka.

"Mama, hii inaweza kupona?" akaniuliza.

"Mzee, umeleta mahali pake," nikamjibu, na bado sijakifungua.

Ndani nilikuta vipande viwili vya kauri, kila kimoja umbo la nusu mwezi, vyembamba kama ukucha, vimepakwa fedha pande zote mbili. Vilikuwa vimeng'oka lakini havikuvunjika. Kauri hii ni jamaa ya ile iliyo ndani ya kiberiti cha gesi, kile unachobonyeza jikoni kikasema "tak" na cheche ikaruka. Ukiibana, inatoa umeme. Ukiipa umeme, inajinyoosha na kujikunja. Katika kifaa cha daktari kipande kimoja hutetemeka na kutuma mwilini sauti ya juu mno, sikio la mtu haliisikii. Kipande cha pili husubiri mwangwi. Mwangwi ukirudi unakibana kidogo, kinatoa umeme kidogo, kisanduku kinaukuza. Kama kuna kitu kinachocheza huko ndani, damu au moyo, mwangwi unarudi umebadilika, na hayo mabadiliko ndiyo unayoyasikia masikioni.

Hayo niliyajua. Nisiyoyajua hayakuwa yakinisumbua. Nyuma ya zile nusu mwezi palikuwa na nafasi tupu, hewa na kijisponji tu. Nikacheka. Nikamwambia daktari, "Ona watu wa kiwanda walivyo wachoyo, hata gundi wamebania." Nikavibandika vile vipande, nikapindua kichwa, nikajaza nyuma mpaka juu, nikalainisha kwa kidole. Kesho yake alipokuja nilimwekea kile kichwa kwenye kifundo changu cha mkono, nikampa spika avae. Akasikia damu yangu ikipita, fyu, fyu, fyu. Akanipa mkono, tukaagana kwa furaha kubwa.

Mwezi wa tatu mamangu akanipigia simu kutoka Kabazi.

Mamangu anakaa peke yake kwenye shamba letu, mahindi kidogo, maharagwe, nyasi za mifugo kando ya ua. Alikuwa amebakiwa na mbuzi mmoja wa maziwa, jike mweupe mwenye masikio marefu na dharau. Mbuzi huyo alikuwa amepandwa mara mbili mwaka uliopita bila kushika, na Desemba akapandwa tena. Mamangu akaapa kwamba hii ndiyo mara ya mwisho. Akishika, sawa. Asiposhika, atamuuza kwa yule mnunuzi anayewapelekea wachoma nyama wa Kikopey, afunge zizi, aje akae na mimi Nakuru. Hilo la kuja Nakuru nilikuwa nimemsumbua nalo kwa miaka. Nilikuwa hata nimeshamtengea chumba, nikanunua kitanda na godoro, nikatundika pazia. Sisemi uongo, nilitaka yule mbuzi awe tupu.

"Daktari amekuja jana," mamangu akasema. "Amesikiliza, amesikiliza, amesema hakuna kitu."

"Basi ndiyo hivyo, mama."

"Hapana. Huyu mbuzi ako na mimba. Mimi naona vile analala. Analala akichagua upande."

"Mama, hiyo mashine nimeitengeneza mimi, na mikono yangu hii. Haiwezi kusema uongo."

"Mnunuzi anakuja Jumamosi."

"Aje! Unataka kungoja nini? Utamlisha mpaka lini?" Nilipandisha sauti, jambo ambalo najuta. Nina hasira za karibu, kila mtu wa huu mtaa wa vibanda anajua.

Halafu akasema, "Haya, wewe ndiye fundi," akakata simu. Hiyo ilikuwa Jumatano.

Alhamisi asubuhi akaja mwenye pikipiki mmoja, mteja wangu wa zamani, amebeba king'ora nilichomtengenezea mwezi uliopita. Hakunisalimu, hakusema sasa wala niaje. Alikiweka mezani akasema, "Fundi, hii kitu yako inanong'ona. Mwizi akija atasimama aulize kama niko mgonjwa."

Watu wa kibanda cha pili wakacheka. Nikahisi masikio yakipata moto. Nikaunganisha king'ora na betri, na kweli, kilitoa kisauti cha mbu. Nikakifungua kwa hasira. Ndani kulikuwa na ile sahani ndogo ya shaba iliyobandikwa kauri nyeupe katikati, ndiyo inayopiga kelele, na nyuma yake gundi yangu, imejaa vizuri, imelainishwa kwa kidole. Waya zote zilikuwa nzima. Betri ilikuwa nzima. Hakukuwa na kosa lolote ila kwamba hakikulia.

Sijui kwa nini nilianza kuikwangua ile gundi. Labda nilitaka tu kuchokoa kitu. Nilichukua msumari niliounoa, nikatoa punje baada ya punje huku king'ora kimewashwa, na kadiri nilivyotoa ndivyo sauti ilivyopanda. Kipande kikubwa kilipobanduka, king'ora kilipiga yowe hadi yule mama wa mitumba jirani yangu akaangusha nguo. "Shindwe!" akapaza. Mwenye pikipiki akaziba masikio, akaanza kunishukuru kama mtu aliyekuwa ananiogopa. Mimi nilikuwa nimekaa, namtazama yule mdudu wa shaba mkononi mwangu. Hivi mimi huwa natengeneza vitu au huwa navifunga mdomo?

Siku hiyo sikufanya kazi ya mtu. Nilimwaga droo ya vipuri, nikatafuta sahani kama ile, za saa mbovu, za vitu vya watoto vya kuchezea, za kadi zile zinazoimba ukizifungua. Nikapata kumi na mbili zenye ukubwa unaokaribiana. Nikaomba vifuniko vya soda kwenye hoteli ya ng'ambo ya barabara, nikaviosha. Katika kila kifuniko nikaweka sahani moja, na kila moja nikaishika kwa njia yake. Moja nilijaza gundi ngumu nyuma yote. Nyingine niliipaka gundi ngumu kwenye ukingo peke yake. Nyingine ukingo huohuo, lakini kwa ile gundi laini ya kuzibia vioo vya madirisha, inayobaki kama mpira. Nyingine niliikalisha juu ya sponji, nyingine juu ya nta ya mshumaa. Moja sikuibandika kabisa, niliiacha ining'inie kwa waya zake. Betri moja, saketi moja, na simu yangu mbele yake ikipima kelele.

Iliyojazwa ilinong'ona, kama nilivyotarajia. Iliyobandikwa ukingoni kwa gundi ngumu ililia, lakini kwa sauti kavu, ya pua. Ya gundi laini ililia vizuri zaidi, na sauti yake haikuwa ile ya kwanza, ingawa sahani ni zilezile, shaba ileile. Ya nta ilianza vizuri, jua lilipofika mezani ikalegea. Ya sponji ilipiga kelele lakini ilikuwa ikihamahama kifunikoni. Iliyoning'inia ndiyo iliyonishangaza, ilikuwa karibu sawa na ya gundi laini, na hakuna aliyeishika.

Ndipo nikakumbuka chumvi. Kuna mwalimu wa shule ya upili aliyewahi kutuonyesha kitu cha namna hiyo kwa bati na mchanga. Nikamwaga punje chache za chumvi juu ya sahani iliyokuwa ikilia. Woi, laiti mngeona! Zile punje ziliruka kama mahindi kwenye sufuria, zikahama kutoka katikati, zikahama kutoka ukingoni, zikajipanga zenyewe mduara mmoja safi kati ya hapo na hapo. Nikazifuta nikamwaga tena. Mduara uleule. Yule mama wa mitumba alikuja akainama karibu na mimi, akauliza hii ni uganga ya wapi. Nikamwambia hata mimi naulizia.

Nilikaa na ule mduara muda mrefu. Mahali chumvi inapopumzika ni mahali sahani haichezi. Kwingine kote inacheza. Basi ukiishika palepale pasipocheza, hujaikosesha chochote. Nikachukua sahani nyingine iliyobaki, nikaipaka gundi laini kwenye mstari ule wa chumvi tu, nikangoja ikauke kwa pupa. Ililia kuliko zote. Simu yangu ilifika mwisho wa kipimo ikabaki hapo.

Miaka yote hiyo nilidhani kauri ni kitu kigumu, basi. Unagonga kinalia, unadondosha kinavunjika, huo ndio ukali wake. Kumbe inanyumbuka. Inanyumbuka kwa kiasi ambacho hata unywele ni mnene mno kulinganisha, na kazi yake yote imo katika huko kunyumbuka. Mchana huo nilisoma kwenye simu kila nilichoweza kuelewa. Nikaona kwamba wanaoitengeneza hupima ni nguvu kiasi gani inahitajika kuinyoosha hata kidogo, kwa sababu ugumu huo na unene wake ndivyo vinavyoamua italia kwa sauti gani. Nikaona kuna koo mbili. Kuna kauri kaidi, ya kugongwa na kusukuma kwa nguvu, na kuna kauri laini, bado ni jiwe kwa mkono wako, lakini ndiyo inayosikia kitu kidogo. Na nikaona kwamba ukishaibandika mahali, haiko peke yake tena. Chochote kinachoigusa kinajinyoosha pamoja nayo au kinaizuia. Ukiweka kitu kigumu nyuma yake, nusu ya jasho lake linaishia huko nyuma. Ukiweka hewa nyuma, haina pa kusukuma ila mbele.

Hewa nyuma. Nilikuwa na kifuniko cha soda mkononi nilipokumbuka kijisponji cha daktari na nafasi tupu niliyoicheka. Nikaona kidole changu kikilainisha gundi nyuma ya zile nusu mwezi, na daktari akitabasamu, na damu ya kifundo changu ikisema fyu, fyu. Mshipa wa kifundo uko chini tu ya ngozi. Hata kiziwi angeusikia. Moyo wa mtoto wa mbuzi uko ndani, nyuma ya ngozi na nyama na maji, na ni mdogo.

Nilimpigia daktari. Nilitaka kumweleza polepole, lakini nilichosema ni, "Mzee, usipime mbuzi mwingine yeyote, lete hiyo mashine kesho asubuhi na mapema." Akaniuliza kuna nini. Nikasema, "Nimekuharibia." Mamangu sikumpigia. Nilijiambia nataka kwanza kuwa na hakika, lakini ukweli ni kwamba niliona haya.

Ijumaa daktari alifika nikifungua mlango. Nilitaka kipimo cha haki kabla ya kugusa kitu, si kifundo tena. Tumboni, ndani kabisa karibu na mgongo, kila mtu ana mshipa mkubwa wa damu. Nikapanda kwenye benchi, nikajilaza, nikajipaka mafuta ya kupikia juu ya kitovu, nikaweka kichwa cha kifaa. Mpita njia mmoja akachungulia akasema, "Fundi, hongera, baba ni nani?" Nilimtusi, na daktari akakohoa kuficha kicheko. Masikioni mwangu hakukuwa na kitu. Mvumo tu, kama redio iliyokosa stesheni. Nikampa daktari asikilize. Alisikiliza na kicheko kikamtoka usoni.

Kutoa ile gundi ilikuwa kazi ya adabu. Ukiipasha moto mkali inalegea, lakini kauri hiyo ikipata moto kupita kiasi inasahau kazi yake, inabaki kigae tu. Kwa hiyo nilitumia maji ya moto ya chupa ya chai, kidogokidogo, na msumari wangu. Saa mbili nzima. Daktari alishika tochi. Kipande cha kwanza kilitoka kizima. Cha pili kilikatika kona, kijipande kidogo kama punje ya mchele. Nikakining'iniza hicho cha pili kwa waya, nikakigonga kwa ukucha. Kikiwa na gundi kilikuwa kinasema "dup", kama sufuria unayoigonga huku umeikumbatia. Sasa kikasema "ti", sauti ndogo, safi, inayokaa kidogo kabla ya kufa. Nikakigonga mara tatu zaidi kwa sababu ilikuwa tamu tu kusikia.

Mbele nikavibandika kwa utando mwembamba kabisa wa gundi inayokauka haraka, ule wa kutosha kuvishika tu. Nyuma nikaweka kijisponji na hewa, kama walivyofanya wale wachoyo wa kiwanda. Kisha nikangoja, nikiwa nimekalia mikono yangu ili isiguse, na mara gundi ya mbele iliposhika nikapanda tena benchi.

Sasa ilikuwa tofauti. Nilisikia damu yangu ikipita mgongoni, nzito, dum-shwaa, dum-shwaa, kama mtu anayefagia chumba cha ndani. Nilifurahi kama mtoto. Nikavua spika nikampa daktari, nikisubiri anisifu.

Hakunisifu. Alisikiliza, akavua, akauliza polepole, "Hii gundi imekuwa hapo tangu Januari?"

"Tangu Januari."

"Wale wamebakisha siku chache wazae nilikuwa nawasikia," akasema. "Ndiyo maana sikushuku. Wale mimba haijafika mwisho ndio nilisema hawana kitu." Akakaa kwenye kigoda changu, akashika kofia yake kwa mikono miwili. Furaha yote ilinitoka. Tukafunga kibanda tukaingia kwenye pikapu.

Kabazi tulifika kama saa tisa mchana. Mbuzi mweupe hakuwa zizini. Alikuwa amefungwa langoni kwa kamba mpya, na mamangu alikuwa amesimama kando yake amevaa lile koti lake la kuendea kanisani.

"Mnunuzi amepiga simu," akasema. "Anapitia leo, kesho ako na mzigo mingi." Akatazama daktari, akatazama mimi. "Mbona umekuja na huyu?"

"Mama, ngoja kwanza."

"Nimengoja ukaniambia nisingoje."

Nilipiga magoti kwenye majani, mamangu akamshika mbuzi pembe, daktari akampaka mafuta karibu na kiwele na kukiweka kile kichwa. Mimi ndiye niliyevaa spika. Kwanza mvumo. Halafu damu ya mbuzi mwenyewe, polepole, kama ile ya tumbo langu. Daktari alisogeza kichwa upana wa kidole, akakiinamisha. Halafu nikasikia kitu kingine nyuma yake. Kilikuwa chembamba na chenye haraka, tiki-tiki-tiki-tiki, kikikimbia peke yake bila kujali mwendo wa mama yake. Daktari akasogeza mkono kikapotea, akaurudisha kikarudi. Machozi yalinitoka na sikuyafuta kwa sababu mikono yangu ilikuwa na mafuta.

Nikavua spika nikamvisha mamangu juu ya kitambaa chake cha kichwa. Alikunja uso, akasikiliza, akafungua mdomo.

"Ngai, Mungu wangu," akasema. "Ako hapo."

"Ako hapo, mama. Hata wiki hii yote alikuwa hapo. Mashine ndiyo ilikuwa haisikii. Nilikuwa nimeizibia na gundi. Na mimi nilitaka isisikie, kwa sababu nilitaka ukuje Nakuru."

Nilidhani atanifokea, na ningefurahi afoke. Alimfungua mbuzi kamba pale langoni, akaikunja vizuri. "Si nilikuambia analala akichagua upande," akasema. Alimpigia mnunuzi hapohapo, akamwambia apitie kwingine. Halafu alituita tunywe chai, akageuka kuelekea jikoni, lakini hakufika. Alisimama katikati ya ua.

"Na wa hapo jirani?" akauliza.

Daktari aliinamisha kichwa. Jirani wa mamangu ni mjane aliyemzidi umri kidogo, shamba lake linapakana na letu. Mbuzi wake alipimwa na daktari mwezi wa pili, akaonekana hana kitu. Alikuwa mbuzi mmoja tu, na mnunuzi alimchukua wiki hiyohiyo.

Daktari alisema yeye ndiye atakayekwenda kumwambia, ni kazi yake, yeye ndiye aliyetamka. Nikamwambia hapana mzee, gundi ni yangu. Tukaenda sote watatu. Tulimkuta amekaa nje akipepeta maharagwe. Nilimweleza nikiwa nimesimama, maneno yakitoka yamekatikakatika, kauri, gundi, hewa nyuma, mambo ambayo jana yake yalinifanya niruke kwa furaha. Alipepeta mpaka nilipomaliza.

"Walipomfunga miguu niliona tumbo likicheza," akasema. "Niliona na macho yangu. Nikajiambia, mashine imesema."

Akaweka ungo chini, akajifuta mikono kwenye leso.

"Hebu nipelekeni nisikie huyo mwingine."

Tulirudi naye kwa mamangu. Daktari alimpaka mbuzi mafuta tena, nami nikamvisha spika. Yule mama alipiga magoti bila kusaidiwa, akaweka mkono wake kwenye ubavu wa mbuzi, akafumba macho. Alisikiliza muda mrefu kuliko sisi sote. Mamangu alishika pembe akatazama pembeni. Mwishowe jirani alivua zile spika, akanirudishia mkononi, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu tuingie kwake.

"Wangu tumbo lilikuwa kubwa kuliko hili," akasema. "Walikuwa wawili."